Refa na Gemu Isiyo na Mshindi

Kwa miaka thelathini na mmoja Refa alikimbia uwanjani bila kuugusa mpira kwa makusudi hata mara moja, na jambo hilo alilitaja kwa majivuno kuliko watu wengine wanavyowataja watoto wao. Mpira ulimgusa yeye, ndiyo. Ulimpiga mgongoni, ulimpiga kisogoni, na siku moja ulimpiga mdomoni ukaondoka na jino la mbele. Lakini yeye kuupiga, hapana. Kazi yake ilikuwa kuona, kupuliza kipenga na kutoa hukumu, na hukumu zake hazikuwa na rufaa. Alimpa hata shemeji yake mwenyewe kadi nyekundu dakika ya tatu ya fainali, kisha wakala meza moja wiki nzima bila kusemeshana.

Kiharusi nacho hakikumwomba ruhusa. Kilimkuta jikoni asubuhi na mapema, kikamlaza sakafuni, na kilipoondoka kilimwachia ulimi wake wote na miguu yake yote miwili, kikachukua mkono wa kulia. Si wote. Bega lilifanya kazi, kiwiko kiliitika, hata kiganja kilifunguka ukikibembeleza. Ila vidole vilikuwa vizito, na kidole gumba kilikuwa kimegoma kabisa. Mkono wenyewe ndio ule wa kunyanyulia kadi.

Angekuwa mtu mwingine angelia. Refa alikasirika. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoipaka rangi mwenyewe kila baada ya miaka miwili, na hakuona kwa nini kidole kimoja kimpangie maisha. Akarudi nyumbani kutoka hospitali, akaendelea kupika chai yake kama kawaida.

Mwezi wa pili tangu atoke hospitali binti yake akaja kumtazama, akakuta nyumba nzima inanuka gesi. Huyu binti ndiye mwanawe wa pekee, mpangaji wa ratiba katika kampuni ya mabasi, mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kutupia jicho saa ya mkononi. Alifungua madirisha yote, akamkuta baba yake sebuleni anasoma gazeti, hana habari. Alikuwa amekifunga kitasa cha jiko kwa mkono ule wa kulia, au alidhani amekifunga. Binti akaketi kwenye kochi, akalia kidogo, akajifuta, kisha akasema kwamba baba hataishi tena peke yake. Atahamia kwake, ghorofa ya nne, kwenye chumba kinachotazamana na ukuta. Refa akasema afadhali afe. Binti akajibu kwamba hicho ndicho hasa anachojaribu kukizuia.

Waligombana siku tatu, na siku ya nne wakafikia mapatano. Mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa na kufuli la zamani, lenye tabia mbaya: lazima mkono wa kushoto uuvute mlango kwa mpini, na wa kulia uzungushe ufunguo kwa nguvu. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimfanyisha Refa mazoezi alisema kwamba vidole vitakavyoweza kuuzungusha ufunguo ule vitaweza kufunga jiko pia. Basi ikawa hivyo. Mwisho wa mwezi uliofuata, Jumamosi asubuhi, Refa afungue mlango wake kwa mkono wa kulia mbele ya mashahidi. Akiweza, anabaki. Akishindwa, anafunga mizigo. Binti akauchukua ufunguo akautia kwenye mkoba wake, akahamia sebuleni kulinda jiko.

*

Mtaalamu wa viungo alikuwa msichana mpole wa sauti, lakini kumyumbisha huwezi. Refa alimwita Daktari. Kila mara alimsahihisha kwamba yeye si daktari, na kila mara Refa alimwambia sawa, Daktari. Chumba chake cha mazoezi kilikuwa na dirisha pana, benchi tatu, ubao wenye makomeo na vitasa vya kila namna, na televisheni mbili pembeni.

Alimwanzisha na maharage. Ayatoe bakuli hili, moja moja, ayatie bakuli lile. Refa aliyahesabu maharage kumi na manne, akasema hii ni kazi ya kuku, akasusa. Mtaalamu hakubishana naye. Alimpeleka kwenye televisheni, akampa kidude cha kuchezea gemu kilichofungwa kwenye kibao ili mkono mmoja utoshe, kisha, kwa nia njema kabisa, akamwekea gemu ya mpira wa miguu.

Hilo lilikuwa kosa. Dakika ya kumi na moja refa wa kwenye televisheni akatoa penalti. Refa wa kwenye kiti akasimama. Alieleza kwa sauti ya uwanjani kwamba mchezaji alijiangusha, kwamba mwamuzi alikuwa mbali na tukio, na kwamba mshika kibendera naye amelala usingizi. Mtaalamu akampima shinikizo la damu, akaizima televisheni. Refa akataka malalamiko yake yaandikwe kwenye faili. Yakaandikwa.

Wiki iliyofuata akamwekea gemu nyingine. Palikuwa na uwanda wa majani, kijito, nyumba ndogo yenye mlango wazi, mawe yaliyotapakaa, na mbuzi sita. Katikati alisimama mtu mdogo mwenye kofia. Ukisukuma kijiti cha kidude kwa kidole gumba, mtu alitembea. Ukibana kitufe cha nyuma kwa kidole cha shahada, aliokota jiwe, na ilibidi ukibane kweli, la sivyo jiwe lilimponyoka. Basi. Hapakuwa na saa, hapakuwa na alama pembeni, wala hakuna aliyekwambia uende wapi.

"Lengo ni nini?" Refa akauliza.

"Hakuna."

"Mshindi anapatikanaje?"

"Hapatikani, Mzee."

"Sasa inaisha lini?"

"Ukichoka."

Refa alimtazama kama alivyozoea kuwatazama mabeki wanaoapa kwamba hawakushika mpira. Haikumwingia akilini kwamba mtu mwenye akili zake atengeneze mchezo usio na sheria. Sheria zilikuwepo, na huyu msichana alikuwa anazificha ili ampime. Vizuri. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiisimamia sheria, hashindwi kuifukua.

Mtaalamu akamwazima mashine ya zamani aende nayo nyumbani, na agizo lilikuwa moja: dakika ishirini kwa siku. Refa aliitikia vizuri. Ila ishirini kwake haikuwa muda wa mchezo wowote unaojulikana. Akaiweka saa ya jikoni mbele yake, akacheza dakika arobaini na tano, akapumzika robo saa akala chungwa lililokatwa vipande, akarudi kipindi cha pili dakika arobaini na tano nyingine. Mwishoni akaongeza dakika nne, kwa sababu binti yake aliingia mara mbili kumuuliza kama anakunywa chai, na muda uliopotea lazima ufidiwe. Akapuliza kipenga, akazima. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu kidole gumba kilivimba, kikawa chekundu, hata kijiko kikamshinda.

Mtaalamu alikitazama kidole, akamtazama mwenyewe, akauliza alicheza muda gani. Refa hakuwa mtu wa kusema uongo kuhusu dakika. Akaambiwa asiguse kidude kwa siku tano.

"Hiyo ni kadi nyekundu," Refa akasema.

"Ndiyo, Mzee. Hiyo ndiyo yenyewe."

Hakuwahi kupewa moja maishani. Aliipokea bila kunung'unika, kwani watu wanaonung'unika aliwajua na hakuwapenda. Lakini moyoni aliingiwa na hofu, na alipokuwa peke yake chooni alikiri kwamba ni hofu. Mwezi mmoja tu ulikuwa umebaki, na sasa siku tano zinakwenda bure.

*

Siku za adhabu alikuja chumba cha mazoezi akakaa benchini, mkono juu ya mto, akatazama wenzake. Aliyecheza gemu ile ya uwanda alikuwa Mama Cherehani, mshonaji wa sare za shule, ambaye naye kiharusi kilimgusa mkono. Yeye hakutafuta chochote. Alimtembeza mtu wake taratibu hadi kijitoni, akang'oa majani, akawapelekea mbuzi, akarudi kung'oa mengine.

Refa alivumilia siku mbili, akashindwa. Akamuuliza anafanya nini pale.

"Nalisha mbuzi," akasema Mama Cherehani.

"Halafu?"

"Halafu wanashiba."

"Halafu inakuwaje?"

Mama Cherehani akageuka, akamtazama juu hadi chini. "Baba, wewe ukishiba huwa inakuwaje?"

Watu wote chumbani wakacheka, mtaalamu akiwemo. Refa aliona haya, na kwa mtu wa kiburi chake hilo si jambo dogo. Lakini aliona jambo lingine pia, kwa sababu macho yake yalikuwa bado macho ya mwamuzi. Mkono wa Mama Cherehani, ambao mwezi uliopita haukuweza kushika hata kitambaa, ulikuwa umekibana kitufe bila kutetemeka, na mwenyewe hakuwa na habari nao.

Adhabu ilipokwisha alirudi na mpango. Kama gemu haina sheria, ataipelekea. Ataokota mawe, ayapange mistari, ajenge uwanja kamili: hatua mia na tano urefu, sitini na nane upana, na duara la katikati. Uwanja ukishakuwa sahihi, gemu yenyewe itatambua, na timu zitatoka. Alikuwa na hakika kabisa. Popote alipofika akakuta mistari imechorwa sawasawa, wachezaji walikuja.

Kazi hiyo ilimchukua wiki mbili, dakika ishirini kwa siku, kwa saa ya mtaalamu, kwenye ile mashine ya kuazima aliyoenda nayo mazoezini na kurudi nayo nyumbani. Jiwe moja moja. Mara nyingi liliponyoka katikati ya safari, akarudi nyuma kuliokota. Na hapa ni lazima tuseme ukweli. Refa, mtu aliyewafukuza uwanjani wanaume wazima kwa kujiangusha, alikuwa anaiba. Mtaalamu akigeuka kumhudumia mwingine, kidole cha mkono wa kushoto kilitambaa juu ya kibao na kukisaidia kile cha kulia kubana kitufe. Aliporudi, kilikuwa kimeshajificha. Mtaalamu aliona mara zote. Siku moja alipompita alimwambia kwamba kidole hakijui kama kuna mtu anakiangalia.

Siku kumi na moja kabla ya ile Jumamosi, jiwe la mwisho likakaa mahali pake. Alikuwa nyumbani, sebuleni, mchana. Akamsimamisha mtu wake katikati ya duara, mwenyewe akatia kipenga mdomoni, akasubiri timu.

Hakuna aliyetoka. Akasubiri tena. Mbuzi watatu waliingia kwa kona ya kushoto, wakala majani ya eneo la penalti. Uwanja ulikuwa safi, umenyooka, hakuna aliyeutaka. Refa alihuzunika, na huzuni yenyewe haikuwa ya gemu peke yake. Miaka yote ile alikuwa mtu wa kwanza kufika uwanjani, akihakikisha nyavu na mistari, halafu watu wengine wakaja kucheza. Sasa hawaji. Akampigia simu mtaalamu, akamwambia gemu yake ni mbovu.

Mtaalamu akasikiliza hadi mwisho. Akauliza kama uwanja umekamilika.

"Umekamilika."

"Basi si mbovu, Mzee. Ni kwamba hajacheza mtu."

Refa akakata simu akiwa amenuna. Lakini karibu na duara palikuwa na jiwe moja la mviringo lililobaki, na mtu wake alipogeuka kuondoka aligongana nalo. Likabiringika. Refa akatazama mlango wa jikoni. Binti yake alikuwa anaosha vyombo. Akamrudisha mtu wake nyuma hatua mbili, akamsukuma mbele, na jiwe likaenda mbali zaidi, mbuzi mmoja akaruka pembeni.

Akalifuata. Akalipiga tena, safari hii kwa pembeni, likampita mbuzi mzee mwenye ndevu ambaye hakufanya juhudi yoyote ya kukaba. Akampiga chenga wa pili. Wa tatu alisimama katikati ya goli, na Refa, aliyejua kila kosa ambalo mshambuliaji anaweza kulifanya mbele ya kipa, akayafanya yote. Akapiga nje. Akalirudisha mwenyewe, akapiga tena.

Binti alisikia kicheko akaja mlangoni na sahani inayochuruzika maji. Baba yake alikuwa ameegemea mbele kitini, ameukamata mkono wa kiti kwa kushoto, kwa nguvu, kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kibao peke yake, kidole gumba kinakimbia. Alitaka kumwambia dakika ishirini zimeshapita. Alisimama pale, akasahau.

*

Jumamosi ilifika, saa nne asubuhi, jua zuri. Mtaalamu alikuja na fomu yenye mistari: kazi, mkono uliotumika, muda. Muda wa kufungua mlango uliandikwa usizidi sekunde thelathini. Binti akautoa ufunguo kwenye mkoba, akampa baba yake, akausogeza mkono wa saa karibu na uso. Wakasimama wote watatu nje mbele ya mlango, Refa amevaa shati jeupe, kipenga mfukoni.

Kwa siku kumi alikuwa amecheza na mbuzi kila mchana, na mkono ulikuwa umepata nafuu ya kweli, hilo alilijua. Lakini alipoutia ufunguo kwenye tundu na kusikia saa ya binti yake ikianza kuhesabu, aliuona ule ukuta wa ghorofa ya nne mbele yake, waziwazi. Aliwapa kisogo. Akapitisha kiwiko cha kulia kwenye mpini, akauvuta mlango kwa bega, na mkono wa kushoto ukateleza chini ya tumbo ukauzungusha ufunguo. Mlango ukafunguka.

"Sekunde kumi na nane," binti akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi. Akamkumbatia baba yake kwa nyuma. Mtaalamu akaweka kalamu juu ya fomu. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kushoto wa Refa.

Kutoka pale mlangoni jikoni palionekana. Refa alitazama jiko lake, na kile kitasa chake cheusi. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kipenga, akapuliza. Majirani wawili wakachungulia.

"Faulo," akasema.

"Ya nani?" binti akauliza.

"Yangu. Nimezungusha kwa kushoto."

"Baba, mlango si umefunguka?"

"Umefunguka. Bao halihesabiwi."

Akaurudisha mlango, akaufunga kwa ufunguo kwa mkono wa kushoto, mbele ya macho yao, akauchomoa. Halafu akageuka kando, ili safari hii waone kila kitu, akaanza upya. Kushoto kwenye mpini, kulia kwenye ufunguo. Ufunguo ukaponyoka ukaanguka chini. Binti akainama kuuokota, Refa akamzuia kwa jicho tu. Akachuchumaa mwenyewe, akaubana kwa gumba na shahada, akauinua taratibu kama alivyoinua mawe mia kadhaa kabla yake, akijua kwamba ukilegeza linakuponyoka.

Akautia tena. Ukagoma. Alikuwa ameacha kufikiria ghorofa ya nne. Alikuwa anautafuta ufunguo ulivyokaa, wapi unakubali, wapi unakataa, akaubonyeza kidogo huku, akaupumzisha, akaubonyeza kule. Alikuwa anaudadisi. Hata alitabasamu mahali fulani pale ulipomkwepa. Mtaalamu alisimama bila kuandika. Hakuna aliyejua ni muda gani ulipita, kisha kufuli likalia, kwa sauti kubwa, na mlango ukaachia.

Binti hakumkumbatia safari hii. Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Dakika ngapi?" mtaalamu akamuuliza kwa upole, kalamu kwenye fomu. Binti akatazama mkono wake, akatazama saa kama kitu cha kigeni. Hakuwa ameiangalia. Mtaalamu akafikiri kidogo, akauacha mstari wa muda wazi, akaandika kwenye mstari wa pili: mkono wa kulia.

Walipoinua vichwa, Refa hakuwepo. Alikuwa ameingia ndani akajifungia. Wakamsikia upande wa pili, kufuli likilia, likanyamaza, likalia tena. Anafungua, anafunga. Anafunga, anafungua. Binti akasubiri, akasubiri, mwishowe akagonga.

"Baba, umeshashinda. Tufungulie basi tunywe chai."

"Subirini," sauti ikajibu kutoka ndani. "Bado nacheza."